Lituma ya Ngumi Moja

Harufu ya mikate ya mafuta, ile ya kuviringana kama macho ya chura, ikipiga batu bengine ku pua, banakumbuka Noeli, banakumbuka koko yao, bibi mwenye alizaa mama yao. Mi ikinipiga, mukono yangu ya kuume inajifunga yenyewe. Inakuwa ngumi. Niko natembea mu barabara, musichana muzuri, nguo imepigwa pasi, mais mukono imefunga kama ya mutu anaenda kupigana. Bavijana bananiuliza: "Yaya, nani alikukosea?" Ninabaambia: hakuna mutu. Hii iko kipimo tu.

Nilizania ilikwisha. Kumbe. Mwezi iliyopita nilimupeleka Mama ku dispensaire, juu alianza kukunywa maji kama radiateur ya kamyo. Munganga, kijana wa miaka kama yetu, alimutoboa kidole, akaangalia kamashine yake, akasema: "Mama, uko na sukari." Akachora sahani ku karatasi. Nusu ya sahani, majani ya sombe ao matembele. Robo, samaki ao maharagi. Robo ile ingine, lituma, ile ndizi ya kuponda, ao fufu ya muhogo. "Lituma isipite ngumi moja," akasema, akafunga ngumi kumuonyesha.

Mama hakuangalia ngumi ya munganga. Aliangalia mukono yangu.

Mi nikaingiza mukono ndani ya mufuko. Munganga alizani niko natafuta telefone.

Bon. Iko kitu moja yenye mi na Mama hatujasemaka, tangu nilikuwa na meno ya kutoka-toka mpaka leo niko na mutu wa kuniposa. Nitaisema hapa, kwenu batu ba rika yangu, mwenye mulikulia mikate ya asubuhi na uji ya bui kama mi. Mukicheka, mucheke. Mi mwenyewe nacheka. Njo ugonjwa yangu.

Tulikuwa tunakaa ku mutaa ya Mangobo. Mama alikuwa anauzisha mikate na bui: asubuhi mbele ya mulango yetu, kisha anapeleka ingine ku soko. Nyumba yetu yote ilinuka sukari. Ukilamba ukuta, unasikia utamu, nilijaribu. Sukari ya kazi ilikaa ndani ya malle, sanduku ya chuma, ile ya rangi ya majani, Mama aliinunua kwa bibi ya askari mumoja wa kambi ya Kapalata. Mi nilipenda kukaa juu yake na miguu inaninginia, naamuru batu. Njo Papa alinipatia jina: Komanda.

"Komanda, naweza kupita?"

"Pita, mutu wangu."

Papa alitengeneza baiskeli za batoleka, bale ba kubeba batu nyuma. Kazi yake ilikuwa pale pale ku lupango, kiwanja ya nyumba yetu, chini ya bache, turubai ya bleu, macheni na mipira imetundikwa kama nyama ku soko. Alikuwa mutu munene, mwenye sauti. Na mikono! Akikuwekea mukono ku kichwa, umevaa kofia. Alitoka Yahuma, na kule kwao, alisema, lituma ya mwanaume inapanda mpaka haoni tena uso ya bibi yake ngambo ya sahani. "Njo maana ndoa ya kwetu inadumu," alisema. Mama alicheka, akaponda makemba, akaviringisha, akapandisha mulima. Mafuta ya mawese ilishuka pembeni kama mito. Mi nilikaa karibu yake kungojea kipande ya juu kabisa, juu ile ilikuwa ya Komanda.

Ugonjwa, balioiona mbele ni sisimizi. Nyuma ya choo, mahali Papa alizoea kukojoa wakati choo iko na mutu, sisimizi zilifanya mustari kama bakristo ku communion. Batoto ba jirani baliniita kuona. Mi sikusikia haya hata kidogo. Nilisimama juu ya tofali, nikabaambia: "Bapapa benu banakojoa maji. Ya kwetu anakojoa sucré ya chupa."

Balinionea wivu siku mbili.

Kisha Papa akaanza kukunywa bidon nzima ya maji mbele ya saa sita. Kisha rayon, waya ya gurudumu ya baiskeli, ikamukwaruza kidole ya muguu, kidonda kidogo kama mbegu ya mupapai, na ile kidonda ikakataa kufunga. Mama alimuvuta ku dispensaire, na mi nyuma yao, juu Komanda habakiaka ku kambi.

Munganga wa wakati ule alikuwa muzee mufupi, lunettes ya macho imefungwa na uzi. Alichukua karatasi ya cahier, akachora sahani: nusu majani, robo samaki, robo lituma. Pembeni ya lituma akachora ngumi. Alichora muzuri, na kucha. Akasema sukari hapana, pombe ya masanga hapana, mikate hapana. Kisha akageuza karatasi, akaandika na kwa nyuma, pole-pole, huku anasema. Alisema hii dawa ya asubuhi ukimeza, ukule. Alisema usicheze na dawa bila chakula. Alisema bintu mingi. Mais ku mwanzo alikuwa amesema neno "miguu," na Mama aliachia pale kusikia. Papa yake Mama, sukari ilikula miguu yote mbili, balizikata moja, balizikata ingine, na akakufa vilevile. Mama alikuwa anaangalia tu miguu ya Papa ndani ya sapato yake, kama mutu anaiaga.

Ku nyumba, kazi ya kubandika karatasi ilikuwa ya nani? Ya Komanda. Na colle, gundi ya shule, ilikuwa imekwisha, donc nilifanya kama batoto bote banafanyaka: nilikamata fufu ya jana, nikailoweka maji, nikapakaa karatasi kwa nyuma, vizuri, mpaka ku makona yote, nikapiga ku ukuta na kiganja. Pa! Ilishika kama Mungu mwenyewe aliibandika. Nilikuwa troisième primaire, mwaka ya tatu ya shule, wa pili ku kalasi, najua kusoma. Nilisoma kwa sauti maneno ya mbele yote. Ya nyuma, fufu ilikuwa inayasoma.

"Ngumi," Mama akasema. "Alisema ngumi. Ngumi ya nani?"

"Ngumi ya mwenye kukula!" Papa akasema, akapiga yake juu ya meza. Vikombe viliruka.

"Ile haiko ngumi. Ile ni jiwe ya kujenga nayo kanisa." Mama aliangalia yake mwenyewe. Akaangalia miguu ya Papa. Kisha akanigeukia. "Lete mukono."

Nikaleta.

"Funga."

Nikafunga.

"Hii," akasema. "Kadogo. Kadogo haiuaki mutu."

Papa alicheka sana siku ile. Alisema hata ndege ya pori ya Masako ikikuta lituma ile njiani itaipita. Alizani ni ya siku moja.

Kutoka pale, kila saa ya kukula, Mama anaviringisha lituma ya Papa, ananiita, mi naweka ngumi pembeni. Ikipita, anakata. Kipande yenye alikata, alinipatia mi. Mulisikia muzuri? Yenye ilizidi ngumi yangu ilikuwa yangu. Sijui kama serkali iko na douanier wa forodha mwenye alilipwa muzuri kama mi. Na nilijifunza haraka: nikifunga vidole kwa nguvu mpaka kucha ziingie ku nyama, ngumi inakuwa ndogo zaidi. Nilikuwa na alama ine za kucha ku kiganja. Papa aliziona.

"Komanda," alininongoneza, "hauwezi kuacha upepo kidogo ndani ya vidole?"

"Hapana."

"Upepo tu ya kupitisha ndizi moja."

"Munganga hakuchora upepo."

Alinipigia salute na mukono yake mukubwa, akakula lituma yake mara tatu: tonge, tonge, tonge, kwisha. Sombe alipewa sahani nzima, mais alisema sombe bila lituma ni mazishi bila maiti. Alibakia anaangalia sisi. Sisi tulikula mulima yenye ilikuwa yake. Mi nilikula pole-pole, nikalamba vidole kimoja kimoja mbele ya macho yake. Juu ya nini? Hakuna juu ya nini. Nilipenda kuona mutu mukubwa anameza mate juu yangu.

Batoleka bakaanza kumuchokoza. "Patron, ile ni chakula ao ni dawa ya minyoo?" Jirani yetu, Mama Vero, mwenye alikuwa naye anauzisha mikate, ngambo ya barabara, alisema kwa sauti ya kufika kwetu: "Bengine banafungishaka bwana yao, kumbe si kwaresima." Papa akapunguka. Alitoboa mukaba yake na musumari, tundu moja, tundu ya pili, tundu ya tatu. Mama alihesabu matundu na akasifu Mungu: sukari iko inatoka. Mara ingine Papa alitetemeka kidogo mbele ya saa sita, akakaa chini, akangojea sahani, ikapita. Hakuna mutu alimuuliza kitu.

Mi nilikuwa na elimu yangu mwenyewe juu ya ile ugonjwa. Nilifikiri hivi: sukari ikijaa ndani ya mutu, ye mwenyewe anakuwa sukari. Sisimizi zilikuwa zimeshaonyesha. Na sukari, tunajua bote, inakufaka namna gani? Inayeyuka. Donc mvua ikianza nilikuwa nakimbia mpaka chini ya bache: "Papa, ingia ndani! Utayeyuka!" Mara ya kwanza alicheka mpaka akaacha kifunguo ya boulon ianguke. Alisema: "Komanda, siku nikiyeyuka, zitabakia tu sapato."

Siku moja Mama alikuwa ku soko, mi niko juu ya malle, ufunguo ku mufuko. Papa akaingia, akajiachilia ku kiti, macho juu, ulimi inje.

"Komanda... naenda... sukari..."

Nikafungua malle, nikakamata kijiko, nikamutia ku kinywa, moja, mbili. Akatafuna. Crac, crac. Akafungua jicho moja.

"Eh," akasema, "Mungu iko muzuri."

Tulicheka sisi wawili mpaka tukalia machozi. Ile ilikuwa mara ya mwisho kucheka kitu moja, mi na ye. Juu Mama alirudia, akaona mbegu za sukari ku masharubu yake. Mama hakumupiga Papa. Mwanaume habapigiwaki mbele ya batoleka. Balinipiga mi, na mwiko ya mikate, ile ndefu ya kugeuzia ku mafuta. Kisha Mama akakata mupira ya chambre à air, ile ya ndani ya gurudumu, akapitisha ndani ufunguo ya malle, akanifunga nayo ku shingo kama mbuzi.

"Sikiliza muzuri. Akilia, umuache alie. Akianguka, umuache aanguke. Ni théâtre, anaigiza tu. Ukimupa sukari tena na akakufa, nitasema mbele ya batu bote ni weye uliua papa yako."

Bon. Muko nayo yote sasa: ngumi, ufunguo, karatasi na mugongo yake ku ukuta.

Ilikuwa vakansi, shule imefungwa. Jana yake, Mama alipita nyuma ya nyumba ya Mama Vero, na alikuta nani? Papa amesimama ku dirisha, mashavu imejaa, mikate tatu. Alimukosea mara mbili: sukari ni moja, na tena mikate ya mutu mwingine. Mama hakupiga kelele. Ingekuwa heri. Asubuhi alimupa dawa, akangojea ameze, akamwambia afungue kinywa aone.

"Sahani iko wapi?" Papa akauliza.

"Jana kwa Mama Vero ulikula ngumi tatu. Leo unapumzika. Mangaribi nitakupikia."

Akaingiza makemba yote ndani ya malle juu ya sukari, akafunga, akanipatia ufunguo. Akapandisha bassin ku kichwa, akaenda. Papa aliniangalia, akasema na sauti ya kuchekesha: "Basi, dawa njo chakula ya pekee yenye habanipimiaka." Nilicheka. Ilikuwa muzuri ile, lazima tuseme ukweli.

Alitumika kazi yake. Nilisikia nyundo. Kisha nyundo ikaanza kukosa. Kisha ikanyamaza. Nilimukuta amekaa chini ku udongo, gurudumu ya toleka mumoja ku magoti, vidole inatetemeka, hawezi kuingiza rayon ku tundu. Uso ilikuwa majimaji. Alinena kama mutu wa masanga.

"Komanda. Sukari. Kidogo."

"Sema: pardon, mon commandant."

"Pardon..."

"Mon commandant!"

"...mon commandant."

"Piga magoti."

Nilisema tu. Nilisema kama vile tunasemaka. Alinitegemea ku bega, akapiga magoti. Papa yangu, mwenye alikuwa anapita mulango na kuinama. Sasa mutoto mwenye akili angeona pale. Mi niliona théâtre, na niliona ni muzuri kupita ya kwanza. Nilikimbia ku barabara, nikaita: "Mukuje! Mukuje muone Papa, anaomba sukari!" Bakaja bote, bale ba sisimizi. Bakasimama ku mustari. Papa aliangalia bao kama hajabaonaka. Aliniita na jina ya mama yake. Batoto bakacheka. Alinyosha mukono kukamata ufunguo ku shingo yangu. Vidole ilipita pembeni, ikakamata hewa. Mi nikarudi nyuma hatua moja. Akafuata na magoti. Nikarudi tena. Tulizunguka malle vile, mi narudi, ye anafuata, na mi naimba ka-wimbo ya kupiga kwata. Aliacha alama mbili za magoti ku udongo, kama njia ya baiskeli mbili.

Kisha jasho. Sijaonaka jasho namna ile. Shati ilikamatana na ye. Ilitoka ku nywele, ilitoka ku masikio, ilishuka ku kidevu, tone, tone, ku udongo. Na ku udongo, nilikubali kuona nini? Sisimizi moja. Moja tu ilikuwa inapita na safari yake.

Nikajua. Iko anayeyuka.

Donc musizani niliacha kumupa sukari juu ya roho mubaya tu. Ile ya mbele, ndiyo. Mais pale, pale nilikamata ufunguo na mikono mbili juu nilimupenda. Nilifikiria: nikimuongezea sukari hata mbegu moja, atayeyuka yote, atakwisha. Nilikokota kikwembe, nguo ya kujifunga ya Mama, nikaanza kumupanguza. Kichwa, shingo, mikono. Nilipanguza nguvu, namwambia: "Papa, nyamaza, usitoke, usitoke." Ye alisema tu "su, su, su," na akalala pembeni.

Batoto habakucheka tena. Mumoja alikimbia kuita Mama Vero. Alifika na kikombe ya sukari mukononi, mama ule kila mutu alimujua juu ya kinywa yake, na siku ile hakusema matusi hata moja. Koko yake ilikuwa na sukari, alikuwa anajua. Alipiga magoti pembeni ya Papa, akashika kidevu yake. Na mi nikamuluma mukono. Nilimuluma mpaka nilisikia damu. Kikombe ilianguka, sukari yote ikamwangika ku udongo.

"Mutoto, uko na wazimu? Papa yako anakufa na nzala ya sukari!"

Nilimwambia: "Muchawi."

Aliokota yenye aliweza, na mchanga ndani, akamupakaa ku midomo. Ilibakia pale juu ya midomo. Hakumeza.

Batoleka mbili bakamukalisha ku baiskeli yenye ye mwenyewe alitengeneza, bakamufunga ku mugongo ya mwenye kukanyaga na mupira ya chambre à air, kichwa inaenda huku, inaenda kule. Bakatoka mbio. Nilibakia ku lupango na kikwembe. Chini ya bache, pale alikaa kutumika, niliona sapato zake. Mbili. Zimepangwa muzuri.

Nilisema mbele ya batoto bote: "Muliona? Nilibaambia."

Ku hôpital balimuwekea maji ya sukari ku mushipa. Mutu mumoja alimwambia Mama: imechelewa, ubongo imekaa sana bila chakula. Alilala siku mbili. Ya tatu, saa sita mchana, pumzi yake ikakatika.

Matanga ilijaza lupango. Chini ya ile bache ya bleu, bamama balikaa juu ya mikeka, na kila mwenye anaingia anauliza: ni nini ilimuua? Mama anajibu: "Sukari. Ni sukari ilimuua." Na bote banatikisa kichwa: eh, sukari, ile ugonjwa ni mubaya. Mi nilikuwa nangojea aseme ile ingine, yenye aliniahidi, mbele ya batu bote. Nilijitengeneza, nilisimama wima. Hakusema. Hakuniangalia hata mara moja.

Yule munganga muzee naye alikuja. Alisimama mbele ya karatasi yake ku ukuta. Akaingiza kucha ku kona, akavuta, pole-pole. Fufu ilikuwa imekauka, ilikatika na kelele ya biscuit. Akageuza. Maneno ya nyuma, nusu ilibakia ku ukuta, nusu ilikuwa ku karatasi. Nilikuwa karibu ya kiuno yake, niliisoma: *akitetemeka, jasho ikitoka, mbio, sukari*. Aliikunja mara ine, akaitia ku mufuko.

"Lituma," akamuuliza Mama kwa sauti ya chini, "mulipima na ngumi ya nani?"

Mi, ku shule balitufundisha, mwenye anajua jibu anainua mukono. Nikainua. Imefungwa.

Muzee aliiangalia. Akatosha lunettes, akaipanguza, akaangalia tena. Kisha akaenda bila kukunywa chai.

Juu ilikuwa saa ya chai. Mama akaniambia, kwa mara ya kwanza tangu siku tatu: "Enda fungua malle. Batu banataka sukari."

Nikatosha ufunguo ku shingo. Nikafungua. Makemba ilikuwa imeanza kuoza juu, na chini yake sukari, nyeupe, nzima, yote. Nilijaza bassin. Nikapita mustari kwa mustari na kijiko, ku kila kikombe: ngapi? Mbili. Ngapi? Tatu. Nikafika mbele ya muzee mumoja wa ukoo, alitoka mbali, sikumujua, hakunijua. Nilimutilia moja. Akaniangalia kama mutu anamukemea mutoto wa adabu kidogo, na mapendo.

"Ongeza, mutoto. Sukari habanyimaki mutu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka bassin ikaanguka, mpaka balinibeba na mikono na miguu kunipeleka ku nyumba ya jirani, kwa Mama Vero, na mukono yake imefungwa kitambaa. Bamama balisema: huzuni imemupita kichwa, yatima masikini. Tangu pale bananiita muchekeshaji. Muko mulinijua na ile jina. Sasa munajua balinibatiza wapi.

Alors, mwezi iliyopita. Tulirudia ku nyumba na karatasi mupya. Nilisoma mbele, nikasoma nyuma, mara mbili, kwa sauti. Sikubandika. Nikaponda makemba, nikaviringisha. Mama alikaa ku meza, mudogo, mabega imeingia. Nilimwambia: "Mama, weka ngumi."

Akaangalia mukono yangu.

"Yako, Mama. Ya mwenye kukula. Weka hapa."

Akafunga mukono, akaiweka pembeni ya lituma. Uzee imeshaikula ile mukono. Ilikuwa kadogo, kadogo kabisa, nilikuwa naijua ile kipimo. Nikakamata kisu nikate yenye ilizidi. Na Mama, pole-pole, akainua macho kutoka ku sahani, akapita kisu, akapita mikono yangu, akaniangalia ku shingo, kama mutu anatafuta kama ufunguo iko.